Sala Iliyopoza Maji

Haya yote ni kweli tupu. Msimulizi anaapa kwa pensheni yake inayochelewa kila mwezi, na kwa jogoo wake mwekundu, yule mnayemwona akiparua hapo nyuma ya kituo cha majani chai, anayeamsha mwinuko mzima hata siku za mapumziko. Likipatikana neno moja la uongo humu, jogoo huyo achukuliwe akiwa hai, na mkia wake wote, na hakuna atakayemsikia msimulizi akinung'unika. Wanaomjua wanasema ameshaapa hivyo mara nyingi na jogoo bado yupo. Huo nao ni ushahidi kwamba hasemi uongo, au kwamba hajawahi kushikwa. Chagueni wenyewe.

Basi, hapo juu ya soko la Marani kuna boma la Masese, mkulima wa majani chai na ndizi, na mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya Wasabato. Sauti hiyo haikuwa ya mchezo. Alipoishusha mwishoni mwa wimbo, vioo vya madirisha ya kanisa vilitetemeka, na inasemekana ng'ombe wa jirani alikataa kutoa maziwa mpaka kwaya ilipomaliza mazoezi. Mkewe aliitwa Orpah, au mama Duncan, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, na ndiye aliyeongoza Dorkasi, kile kikundi cha akina mama wa kanisa wanaokwenda kuwaona wagonjwa na wafiwa.

Katika kazi ya kufariji, Orpah hakuwa na mpinzani kutoka Marani mpaka Kenyenya. Maneno yake yalikuwa yamepangwa kama vikombe kabatini. Angeketi, ashike mkono wa mfiwa, anyamaze kidogo. Kisha angesema, "Dada, Mungu ana sababu." Halafu angeeleza habari ya dhahabu, jinsi isivyong'aa kabla ya kupita motoni. Mwisho angetoa neno la mzigo, kwamba Mungu humpimia kila mtu unaomtosha. Baada ya hapo angepokea kikombe cha maziwa ya tangawizi. Chai hapana. Wasabato wa msimamo kule kwetu wanapanda majani chai, wanayachuma, wanayauza, wanasomeshea watoto mpaka chuo kikuu. Kuyanywa tu ndiko kosa.

Asubuhi moja Masese alikuwa shambani na wachumaji wake, kikapu mgongoni, akiimba na kuwachokoza kama kawaida. "Wewe Bitutu, unachuma majani au unayabembeleza?" Wakacheka. Akarudi kwenye wimbo wake, akaishusha sauti, akaishusha tena, chini kuliko walivyowahi kuisikia, halafu naye akashuka. Akaanguka katikati ya mistari ya michai, kikapu kikamwangukia.

Wachumaji walipiga makofi. Si kosa lao. Masese aliwahi kujifanya amekufa shambani humo humo mpaka mwanamke mmoja akaanza kumlilia, ndipo akainuka kumwuliza kama atachangia jeneza. Orpah alipofika na birika la uji alimkuta mumewe chini na watu wakicheka, naye akacheka. "Masese, inuka bwana, uji unapoa." Hakuinuka. Orpah alipoinama kumfinya sikio, ndipo akaona mdomo wake umeenda upande.

Hospitalini mjini Kisii wakasema ni kiharusi. Upande wa kulia umekufa ganzi, mkono na mguu, na ulimi umefungwa. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, hawezi kusema kitu. Orpah aliitikia vizuri, akashukuru daktari. Lakini njiani kurudi nyumbani, kilichokuwa kikimrudia siyo maneno ya daktari. Ni kile kicheko chake mwenyewe.

*

Mngesema Mungu alikuwa ameshaandaa msaada mapema. Duncan, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amemwoa Marion, na Marion alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule mjini. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuwasimamisha watu waliopigwa na kiharusi. Na Duncan alikuwa amejenga hapo hapo bomani, hatua chache kutoka kwa wazazi wake.

Lakini Marion ni mkaza mwana. Na sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile heshima inayokaa katikati ya mtu na wakwe zake kama uzio. Mkaza mwana hampi baba mkwe mkono. Haingii anakolala. Wakikutana njiani, mmoja wao atakumbuka ghafla kwamba ana shughuli ya maana kichakani. Masese, ambaye alimtania kila mtu mpaka mchungaji, kwa chinsoni hakuwa na utani hata kidogo. Tangu Marion aolewe hapo, walikuwa hawajawahi kutazamana usoni.

Kwa hiyo Marion alifundisha akiwa nje, chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo.

"Mama, shika kisigino! Kisigino, siyo goti!"

"Umejuaje nimeshika goti na wewe umetazama migomba?"

"Nimesikia Baba akiguna. Haya, kunja polepole. Polepole, Mama! Huo siyo mti wa kuni."

"Ni mzito, Marion! Huyu mtu amekula ugali miaka mingi!"

Orpah alijaribu mpaka vifundo vya mikono vikavimba. Duncan, ambaye alikuwa na duka la simu Nyamira na alifunga mapema kila alipoweza, alimnyanyua baba yake akiwa amefumba macho na kutetemeka, maana chinsoni humbana hata mwana mbele ya baba yake, kama mtu aliyetumwa kubeba sanduku la agano. Mjini walimpeleka mara kwa mara, lakini kilichonyooshwa hospitalini kilikunjwa tena na ile barabara yenye mashimo.

Siku moja Marion alimwita Orpah pembeni, karibu na tangi la maji. "Mama, nikuambie ukweli. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Mguu huo usipofanyishwa kazi kila siku na mtu anayejua, utakauka hivyo hivyo ulivyo. Halafu hata mimi sitaweza. Hakuna atakayeweza."

"Atakaa kwenye kiti kile?"

"Atakaa kwenye kiti kile, Mama."

Orpah akakitazama kiti kupitia mlango. Kilikuwa chini ya kalenda, kimefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kwa mara ya kwanza akakichukia.

*

Kisha wakaja wafariji.

Dorkasi walikuja. Kwaya ilikuja, sauti zote isipokuwa ile ya chini. Majirani Wakatoliki walikuja, wakaona aibu kuzidiwa, wakaja tena. Wote waliokuja waliketi, waliimba, waliomba, na wote waliokuja walikula, maana ni nyumba gani itawatoa wageni na njaa? Matoke yaliisha karibu na nyumba, yakafuatwa ya mbali. Kuku walipoona mtu ameshika Biblia getini walipanda juu ya miti. Na kila mara saa ya mazoezi ilipofika, sebule ilikuwa imejaa viatu na maziwa ya tangawizi, na mguu wa Masese ulikuwa umetulia chini ya blanketi ukikauka.

Mkuu wao alikuwa Mzee Ochoki, mzee wa kanisa, mtu mwenye moyo mzuri na sala ndefu.

"MASESE!" alipaza sauti akiwa mlangoni. "BWANA ASIFIWE!"

"Mzee, masikio ni mazima," Orpah akamwambia. "Ni ulimi tu."

"NAJUA!" Ochoki akajibu, akavuta kiti, akamgeukia. "Mama Duncan. Mungu ana sababu."

Orpah akainua kichwa.

"Unajua dhahabu, mama? Dhahabu haiwezi kung'aa..."

"Mpaka ipite motoni," wakamalizia akina mama wa Dorkasi kwa pamoja, wakamtazama Orpah kwa mapenzi. "Si wewe ndiye uliyetufundisha, mama?"

Ndipo mmoja wao akaona mate yakitiririka kwenye kidevu cha Masese. Akachukua kile kitambaa cha kiti, akamfuta mdomo, akasema kwa sauti tamu, "Ona, kama mtoto mchanga." Wakatabasamu wote. Masese akafumba macho. Orpah alimjua mume huyu. Aliyaona macho yale yakifumba, akajua hajalala.

"Sababu gani?" akauliza.

"Pole?" Ochoki akasema.

"Umesema Mungu ana sababu. Nataka kuijua. Ni gani?"

Ochoki akatazama dari, kana kwamba sababu yenyewe ilikuwa imening'inizwa pale. "Mama Duncan, njia zake... sisi kama binadamu..."

"Basi kama huijui, umejuaje iko?"

Mama mmoja akarudisha kipande cha matoke sahanini. Ochoki, ambaye hakuwahi kupungukiwa na maneno tangu abatizwe, akasema tuombe. Wakamwombea Masese kwa ufupi. Wakamwombea Orpah kwa muda mrefu sana.

Walipoondoka, Orpah alijaribu kumsimamisha mumewe mwenyewe, bila dirisha, bila Marion. Akamkumbatia kifuani, akahesabu, akavuta. Masese alipanda kidogo, halafu wote wawili wakarudi kitini, yeye juu ya mapaja ya mumewe, miguu haifiki sakafuni, kama bibi arusi. Siku nyingine wangecheka mpaka walie. Masese alianza kucheka, kwa nusu ile ya mdomo, na kicheko kikageuka njiani. Orpah hakuwahi kumwona akilia. Alimficha uso begani mwake mpaka akamaliza.

Wakati wa kusali hakupiga magoti. Alisimama kando ya dirisha akasema tu, "Leo sina neno. Kama una sababu, nyumba unaijua." Akaenda kufunga kuku, hao waliobaki.

*

Phanice alikuja bila kikundi. Alikuwa mjane wa kule bondeni, ambaye mumewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na katika msiba ule Orpah alifariji kuliko siku zote. Hakupita sebuleni. Alizunguka nyuma, akaingia jikoni, akavua sweta, akaanza kusugua masufuria ya wageni wa jana.

Orpah alimkuta hapo. Akavuta kigoda, akangoja yale maneno. Hayakuja. Majivu yalikwaruza tu.

"Phanice, wewe huniambii kitu?"

"Nikuambie nini, mama?"

"Kwamba Mungu ana sababu."

"Anayo?"

"Si mimi nilikuambia? Wakati wa msiba wako?"

Phanice akasimamisha mkono. "Mama Duncan, usinikasirikie. Nakumbuka ulikuja. Maneno sikumbuki."

"Hata lile la dhahabu?"

"Dhahabu gani?"

Orpah akahisi kama ameibiwa. Maneno yale yalimchukua miaka kuyapanga! Phanice akamwonea huruma, akacheka kidogo.

"Nakumbuka sufuria. Ile kubwa iliyoungua ugali. Watu wote walienda, wewe ukabaki nyuma ya nyumba unaisugua, na ulikuwa unaitukana. Mkubwa wa Dorkasi! Uliiita mbwa. Mimi nilikuwa ndani nimejilaza, nimesema sitaamka tena, nikakusikia. Nikacheka. Nikasema, aisee, kumbe Bwana hajaondoka hapa kwangu. Yuko huko nyuma anaosha vyombo."

Orpah akachukua majivu, akavuta sufuria iliyofuata. Waliosha mpaka rundo likaisha, na hakuna aliyesema neno ambalo mtu angeliandika.

*

Sabato ya Meza ya Bwana ikafika. Kwa Wasabato, kabla ya mkate na kikombe, watu hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake au mtu na mwenzi wake, kwa kukumbuka jinsi Bwana alivyowainamia wanafunzi wake na beseni ile jioni ya kabla ya kuteswa. Asiyeweza kwenda kanisani huletewa nyumbani. Kwa hiyo alasiri Mzee Ochoki akapanda mlima na mkate wake katika kitambaa cheupe, amevaa suti.

Marion alikuwa amechemsha maji, akayachanganya yakawa ya uvuguvugu, akaleta beseni mpaka kizingitini. Akaliweka hapo nusu ndani nusu nje, akageuza uso kutazama migomba. Sebuleni walikuwa Masese kitini, Orpah, Duncan na Ochoki.

"Tuombe," Ochoki akasema.

Akaombea wagonjwa, akiwataja majina. Akaombea serikali, kuu na ya kaunti. Akaombea bei ya majani chai. Akaombea vijana, simu za vijana, na wamishonari katika nchi ambazo majina yake yalimpa shida, akayarudia mpaka yakakaa sawa. Mvuke uliokuwa juu ya beseni ulipungua, ukaisha, ukasahaulika. Duncan alibadilisha mguu wa kusimamia. Mbuzi alilia, akanyamaza, akalia tena, na Ochoki alikuwa bado Afrika ya Kati.

Mwishoni aliposema amina, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kupiga magoti. Magoti yakalia kama mlango mkavu. Akafika katikati, akakwama hapo, ameshika meza.

"Ee... Mama Duncan," akasema kwa sauti ndogo, "wewe ni mkewe. Mtawadhe wewe."

Duncan akamsaidia mzee kurudi kitini. Orpah hakusogea. Alikuwa akilitazama beseni pale kizingitini, na mgongo wa mkaza mwana wake nyuma yake, na jambo fulani lilikuwa likimjia, polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Mzee Ochoki, robo ya mwaka iliyopita ulihubiri nini juu ya beseni?"

Ochoki akachangamka. "Nilisema mbele ya beseni hakuna mkubwa wala mdogo. Hakuna tajiri wala maskini."

"Na mkwe?"

"Mkwe vipi?"

"Mbele ya beseni, mkwe yuko?"

Ochoki akauona mtego, lakini mguu mmoja ulikuwa tayari ndani. Akakohoa. "Mama, chinsoni ni chinsoni. Mambo ya wazee wetu tusiyachezee."

"Siyachezei. Nauliza. Bwana alipojifunga taulo, si kuna yule mwanafunzi mmoja aliyekataa? Si alisema hapana, wewe mkubwa wangu huwezi kunishika miguu, ni aibu?"

"Ni kweli alikataa," Ochoki akasema, akitokwa na jasho. "Lakini yule hakuwa Mgusii."

Duncan akauma mdomo asicheke. Mgongo wa Marion ulikuwa umenyooka kama nguzo.

"Mzee," Orpah akasema, na sasa sauti ilikuwa imepungua nguvu, "mikono yangu imevimba. Huyu msichana anajua. Anajua kila mfupa ulioko kwenye mguu ule, na anakaa nje anahubiria migomba. Mimi nimeomba Mungu anieleze, hakunieleza. Labda hakuja kueleza. Labda amekuja na maji na sisi tumeyaacha mlangoni yapoe."

Ochoki akatazama viatu vyake. Kisha akasema neno ambalo msimulizi anamheshimu kwalo mpaka leo: "Miguu siyo yangu. Mwulizeni mwenye miguu."

Wote wakamgeukia Masese. Masese akalitazama beseni. Akatazama kitambaa cha kiti, kile alichofutiwa mdomo. Shingo yake ilivimba kwa aibu, na Orpah aliona anavyopigana humo ndani, mtu ambaye hakuwahi hata kula yai mbele ya wakwe. Akataka kusema basi, iachwe, nimekosea. Ndipo mguu wa kushoto, ule mzima, ukateleza kutoka kwenye kigoda, ukasogea mbele kidogo. Ukasimama hapo ukingoja.

"Marion," Orpah akasema. "Ingia, mama."

Marion akaingia. Akajifunga taulo kiunoni. Akapiga magoti na kuyakaza macho kwenye kalenda, akatawadha mguu wa kushoto kwa kupapasa, kwa adabu zote. Kisha akachukua ule wa kulia kwa mikono miwili, kisigino hapa, unyayo hapa, kwa namna ambayo Orpah hakuwahi kuiweza, akauzamisha majini.

"Baridi!"

Sauti ilitoka chini kabisa, nzito, imechakaa, kwa Ekegusii, na ilikuwa na hasira.

Duncan aliangusha sabuni. Orpah akamshika mumewe usoni. "Umesema nini? Masese, umesema nini?"

"Baridi," Masese akarudia, kama mtu anayewaeleza wajinga.

Marion akasahau kalenda. Akasahau ukoo mzima. Alimtazama baba mkwe wake machoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Wapi, Baba? Baridi wapi? Nionyeshe!"

Mkono wa kushoto ukainuka, ukateremka, ukaonyesha mguu wa kulia. Ule uliokufa ganzi. Marion akaukumbatia ukiwa na maji yake yote, akalia juu yake mpaka maji yakaanza kupata joto tena.

"Mungu wangu," Orpah akasema, akicheka na kujifuta pua kwa leso. "Wiki zote hizi kanisa zima linakuomba umfungue kinywa, na neno la kwanza analalamika! Ni yeye. Asante. Ni yeye mwenyewe, hujanibadilishia."

"Mmeona kazi ya sala?" Ochoki akauliza, amesimama bila kujua magoti yalivyomsimamisha.

"Tumeiona, mzee. Ingekuwa fupi maji yangekuwa bado ya moto, na asingesikia kitu."

Na hapo hapo, jamani, kwa jogoo wangu mwekundu, Masese aliinuka kitini, akatembea mpaka mlangoni, akashusha sauti ile ya chini kabisa, na vikombe vyote kabatini...

*

"Uongo."

Msimulizi alikuwa akiyasema haya kwenye kituo cha majani chai, mbele ya watu waliokuwa wakingoja lori na vikapu vyao, na Bitutu mchumaji alikuwa ameshaanza kufuta machozi. Wote wakageuka. Kwenye kona ya uzio alisimama Masese, anatweta, jasho limemlowesha kola, fimbo mkono wa kushoto. Kando yake alikuwa Orpah, hakumshika. Nyuma kabisa, mbali kwa adabu, alikuwa Marion, akikagua kabichi za watu kwa makini sana, lakini kila fimbo ilipoyumba, shingo yake iligeuka.

"Jasper," Orpah akamwambia msimulizi, "hakutembea siku ile. Wala hakuimba. Siku ile baada ya neno la baridi alichezesha kidole gumba cha mguu, basi, tukampa mkate akalala."

"Ni yale yale," msimulizi akasema.

"Siyo yale yale. Marion alikuja kila asubuhi kabla ya kazi, na beseni. Bila beseni haingii, huyu mzee anakataa. Anamtawadha kwanza, ndipo anaukunja mguu, anaunyoosha, mzee anapiga kelele, mimi nashika kiti. Mvua ikaja, ikaisha. Kuna siku alirudi nyuma kuliko tulipoanzia, nikatupa mwiko ukutani. Hiyo umewaambia?"

Msimulizi akakiri kwamba hiyo hakuiambia, kwa kuwa haikuwa na vikombe.

"Na Mzee Ochoki?" Bitutu akauliza.

"Anakuja kufungua kwa sala. Nimemwekea sharti, amina iwe imesemwa mvuke ukiwa bado unaonekana."

"Na ile sababu, mama Duncan? Ulipewa?"

Orpah akafikiri. Lori lilikuwa likisikika mbali, linapanda.

"Sijapewa," akasema. "Nikifika mbinguni nitamwuliza, na atanieleza vizuri. Hapa nimepewa beseni, na hata hilo nililiacha mlangoni muda mrefu. Sasa mgonjwa akiwa kwake naenda na majivu ya sufuria. Nikimaliza vyombo tunaomba pamoja, na mtu analia akitaka. La dhahabu nimewaachia Dorkasi."

Msimulizi, akitafuta pa kutokea, akasema kwamba kwa vyovyote Masese ametembea, huyu hapa, kila mtu anamwona, sasa uongo uko wapi, kama siyo kwamba ukweli ulichelewa tu kufika? Wachumaji walikaa baraza papo hapo kwenye vikapu vyao. Bitutu ndiye aliyetoa hukumu: ulisema siku ile, siyo leo. Jogoo alipe.

"Jogoo," Masese akasema, akikubaliana na mahakama.

Ilichukua muda kumkamata, na heshima ya msimulizi ilipotelea chini ya ghala. Aliporudi naye, ameshikwa miguu, alimpa Masese upande wa kushoto, ulio mzima. Masese akatikisa kichwa. Akamkabidhi Orpah fimbo. Kisha mkono wa kulia ukaanza kuinuka, polepole, unatetemeka kama unafungua mlango uliovimba kwa mvua, mpaka pakawa na nafasi kwapani.

"Hapa."

Jogoo akatiwa hapo. Akapiga mabawa, akapiga kelele, akamkwaruza Masese shati. Mkono ukatetemeka mpaka begani. Haukuachia. Kule kwenye kabichi, Marion alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na hakuwa akitazama kabichi.

Wakaondoka, wanashuka njia ya bomani, Orpah na fimbo mbele, Masese na jogoo, halafu nafasi kubwa ya heshima, halafu Marion. Walipofika kwenye mkunjo, jogoo akawika akiwa kwapani, na sauti nyingine ikamjibu kwa chini, imechakaa, haikufika mwisho wa mstari, lakini ilikuwa inaimba. Hiyo msimulizi hakuisikia peke yake. Mwulizeni Bitutu.

Kesho yake mwinuko mzima ulichelewa kuamka, na wa mwisho alikuwa msimulizi.